Jino Alilokupa Mama Mdogo Wako

Faida mwanangu,

Umekwenda kusukwa nywele kwa jirani, na ukirudi utanikuta nimekwisha kuifunga bahasha hii. Nimefunika mashini ya kushona mchana kweupe, jambo ambalo hujaliona tangu uzaliwe. Wateja wawili wamenikuta nimekaa na kalamu, wakaniuliza kama ninaumwa. Siumwi. Ninakuandikia kwa Kiswahili cha darasani, kile cha masista waliotufundisha kule Kiringye, kwa sababu nikiandika jinsi tunavyoongea hapa nyumbani nitakimbilia mizaha, na leo sitaki kukimbia.

Sitakuandikia habari ya kufunga mlango, wala kuamka mapema, wala marafiki. Hayo umeyasikia miaka ishirini na mmoja, na kama hayajaingia, hayataingia leo. Nataka kukuandikia habari ya jino lako la mbele, lile la juu upande wa kushoto, ambalo mama mdogo wako Josiane alikupandikizishia kule Bujumbura. Kesho unavuka mpaka kwenda kukaa nyumbani kwake miaka yote ya masomo yako ya uuguzi. Unakwenda kukaa na mtu anayeamini kwamba jino la kwanza aliloligharamia liliharibika kwa sababu wewe ni mvivu wa kusugua meno. Amekuambia hivyo usoni zaidi ya mara moja, nawe ukainamisha kichwa. Faida, mimi ndiye niliyemwambia hivyo, na nilijua ni uongo.

Soma mpaka mwisho kabla hujanipigia simu.

Ulikuwa na miaka kumi na minne siku tuliyokimbia. Vita vilikuwa vinakaribia kutoka bondeni, watu wa Ruzizi walikuwa wanapita hapa Nyamianda na magodoro kichwani tangu asubuhi, na mimi bado nilikuwa nabishana na nafsi yangu kama nibebe vyombo au mashini. Marehemu baba yako hakuwepo tena wa kuamua. Mwisho nikakitoa kichwa cha mashini kwenye meza yake, nikakifunga ndani ya kitenge, nikakupandisha juu ya magunia katika ile Fuso ya mihogo iliyokuwa inarudi upande wa Baraka, nikakupakatisha kichwa hicho. Nilikuambia, "Faida, ata kukuwe nini, usiachilie mashini." Nilikuambia mara mbili, na mara ya pili nilikushika sikio.

Karibu na Makobola gari liliingia kwenye shimo. Watu wote walishika vyuma vya ubavuni. Wewe ulikuwa umeshika mashini kwa mikono miwili, kama nilivyokuagiza, na kichwa cha mashini kikaruka kutoka mapajani mwako kikakupiga mdomoni. Hata hapo hukukiachilia. Damu ilikuwa inatiririka juu ya kitenge na wewe umekumbatia chuma kile, unanitazama kama unaniuliza sasa ufanye nini.

Yule mama mvuvi aliyetupokea Makobola alikupa maji ya moto yenye chumvi, akaniambia taratibu kwamba jino limevunjika hadi ndani ya ufizi. Nilikukalisha kwenye ngazi ya nyumba yake, nikakufuta mdomo, nikakuambia, "Minye mwenyewe, na mashini hii hii, nitakurudishia jino." Uliitikia kwa kichwa kwa sababu hukuweza kuongea. Uliniamini. Na nadhani wivu wangu wote ulizaliwa kwenye ngazi ile, ingawa wakati ule niliudhani ni upendo mtupu.

Tuliporudi mjini Uvira, daktari wa hospitali akatoa mzizi uliobaki. Akaeleza kwamba siku hizi watu hupandikiza jino jipya juu ya skrubu ndogo ya chuma, wanaiita implanti, lakini si kwa mtoto ambaye taya lake bado linakua. Tungoje mpaka ufike miaka kumi na minane. Nilifurahi. Miaka minne ilinitosha, nikadhani. Kila sare ya shule niliyoikata nilikuwa nasema moyoni, hii ni ya jino. Lakini vita vilikuwa vinakwenda na kurudi, na kila viliporudi shule zilifungwa, na hakuna mzazi anayeshonesha sare ya shule iliyofungwa. Wewe ukajifunza kucheka na kiganja juu ya mdomo. Kwenye kwaya ukahamia mstari wa nyuma. Mimi nilikuwa naona, na nilikuwa najiambia, mwakani.

Ndipo tukamzika koko yako, mama yangu, pale Kiringye, na Josiane akaja matanga kutoka Bujumbura. Siku ya tatu mjomba wako alisema kichekesho, wewe ukacheka, mkono ukapanda. Josiane akaushika mkono wako akaushusha. "Juu ya nini mutoto wangu anacheka na mukono?" akauliza. Akatazama mdomoni mwako mbele ya watu wote, akasema, "Iyo jino, minye nitaitengenezesha. Mwezi huu huu."

Watu walipiga makofi, na mimi nikapiga pamoja nao. Nikasema aksanti, dada. Nilihisi kama mtu amenipokonya nguo niliyokuwa ninaishona miaka minne akaimalizia kwa mshono mmoja. Sikuwaza kwamba mwanangu atacheka. Niliwaza kwamba mdogo wangu ameniwahi.

Unajua kwetu mdogo wa mama ni mama. Koko yako alikuwa anasema kila siku, "Faida iko na bamama babili," na Josiane, ambaye hakupata mtoto, alilichukua neno hilo akaliweka mahali pazuri. Kwa hiyo sikuwa na mahali pa kulalamika. Mtu akiibiwa kuku anakwenda kwa chifu. Mimi ningekwenda kusema nini, kwamba dada yangu anampenda mwanangu?

Katika chumba cha yule daktari wa meno Bujumbura palikuwa na viti viwili mbele ya meza na benchi moja karibu na mlango. Josiane alikaa kwenye kiti, wewe kwenye kiti, mimi kwenye benchi. Daktari alikuwa mpole, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Alituonyesha kiskrubu kifupi kuliko pini zangu, akasema hicho, visi, ndicho kitakuwa mzizi. Kitaingia ndani ya mfupa, na mfupa utakishika polepole, miezi mitatu, minne, pengine sita. Wakati huo atakuwekea jino la muda. "Hii ni ya kuonekana, haiko ya kula," alikuambia. "Mupaka mufupa ushike visi, usiume kintu kigumu. Muwa, hapana. Mahindi ya kuchoma, hapana. Ukiitikisa mbele ya wakati, mufupa unaiacha." Nilisikia kila neno, Faida. Kwenye benchi ile hapakuwa na kazi nyingine ila kusikia.

Halafu akavuta karatasi, akauliza, "Mama wa mutoto ni nani?"

"Ni minye," akasema Josiane, na akatia sahihi.

Hakusema uongo. Kwa desturi yetu hakusema uongo hata kidogo, na ndiyo maana niliumia. Nilikunja kitenge changu magotini. Wewe uligeuka kunitazama, na mimi nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Jino la muda likiwa mahali pake, tukarudi Uvira, na kila jioni simu ikawa inalia saa ile ile ninapoepua chakula. "Mutoto amekula nini leo?" Uji. "Na kesho atakula nini?" Ndizi za kuponda. "Mukeke, umetoa miiba?" Mimi niliyekutolea miiba ya samaki tangu huna jino hata moja, nikawa naulizwa kama nimetoa miiba. Nilijibu kwa adabu. Nikikata simu nilikuwa naosha sahani kwa kelele, nawe ulikuwa unaniuliza kama nina hasira. Nilisema ni sabuni haitoi povu.

Miezi miwili ikapita, mahindi ya Kiringye yakakomaa. Unajua mambo ya nyumba ya koko yako. Hindi la kwanza la shamba linachomwa mbele ya watu wote, na mtoto wa kwanza wa nyumba analiuma kwa meno ya mbele, ndipo wengine wale. Ilikuwa mara ya kwanza tunakula mahindi hayo bila koko, na wajomba zako walikuwa wamekaa mkekani wakikungoja wewe. Hata pale Josiane akapiga simu. Mjomba akaifungulia sauti ili wote wasikie salamu. Akasalimia, akaulizia shamba, mwisho akakuambia kwa mzaha, "Faida, unichungie jino yangu."

Alisema jino yangu. Watu walicheka.

Mjomba alikunyooshea hindi. Ulilishika, ukanitazama, ukasema kwa sauti ndogo, "Mama, dokta alikataza."

"Alikataza mahindi ya bengine," nikasema. "Hii ni ya koko wako. Uma."

Nilisema huku nikicheka ili watu wacheke, na wakacheka. Ukaliuma. Niliona uso wako ulivyobadilika, kidogo tu, halafu ukaendelea kutafuna kwa upande mwingine ili usiniaibishe. Njiani tukirudi ulinong'ona kwamba jino linacheza. Nikajishika kichwa. "Woyi, mwanangu, nilisahau," nikasema. Nawe ukanipapasa mgongo, wewe mwenye jino linalocheza, ukaniambia hata wewe ulikuwa karibu kusahau.

Sikusahau. Hilo ndilo lililonifanya niifunike mashini leo. Nilikumbuka kila neno la yule daktari, hata mpangilio wake, muwa kwanza na mahindi baadaye. Niliona wivu, na kwa dakika moja nilitaka jino la Josiane lijue liko katika nyumba ya nani. Sikutaka likuume. Lakini nilitaka livunjike, na lilikuwa kinywani mwako, na nilijua liko kinywani mwako.

Kesho yake Josiane akapiga. Ulikuwa uani unaanika nguo. Nikamwambia jino linacheza. Akauliza imekuwaje. Ningeweza kusema mahindi. Ningeweza hata kusema nilisahau, uongo ule ulikuwa tayari umeshonwa. Nikasema, "Sijue, dada. Pengine mutoto haiko anasugua meno muzuri." Maneno hayo yalitoka kirahisi kuliko salamu. Alikupigia wewe baadaye akakufokea, nawe hukutaja hindi hata mara moja. Ulinificha. Ulidhani unamficha mama aliyesahau.

Wiki hiyo hiyo mpaka ukafungwa. Risasi zilikuwa zinasikika upande wa Kavimvira, na daktari wako alikuwa ng'ambo, katika mji ambao tunauona kwa macho kutoka ufukoni lakini hatuwezi kuufikia. Ufizi ukavimba, ukatoa usaha. Nilikuzungusha na vidonge, na majani, na maji ya chumvi. Mwisho yule muuguzi wa zahanati alikishika kiskrubu kwa vidole viwili, kikatoka bila nguvu, akakiweka kwenye pamba. Akasema mfupa haukukishika.

Kuanzia hapo ukaanza kusugua meno kama mtu anayeadhibu sufuria. Ulijua habari ya hindi, lakini ukiambiwa uchafu na mtu mzima unayempenda, unaanza kujishuku. Nilikuwa nakusikia uani asubuhi, unasugua, unasugua, na mate yako mekundu mchangani. Neno moja tu lingetosha. Nikawa nakanyaga pedali ya mashini ili nisisikie. Katika mambo yote niliyokufanyia, hilo la pedali ndilo linalonirudia mara nyingi zaidi, zaidi hata ya hindi. Hindi lilikuwa dakika moja. Kusugua kulidumu mwaka mzima na zaidi, mpaka njia ilipofunguka.

Mara ya pili daktari alikuta mfupa umepungua, ikabidi aujaze kwanza, aungoje, ndipo apande skrubu nyingine. Josiane akasema mbele ya wajomba zako, "Safari hii atakaa kwangu mupaka ikamate. Kule hawawezi kumuangalia." Ningesema nini, na alikuwa anasema kweli bila kuijua? Ulikaa kwake miezi mitano. Ulirudi unacheka mdomo wazi, jino jeupe linalofanana na wenzake hata mimi sikujua ni lipi mwanzoni. Nilifurahi, nililia jikoni. Na bado kila ulipocheka nilikuwa nasikia kama kuna mtu wa tatu ndani ya nyumba.

Nilijaribu kupata nafasi yangu. Unakumbuka ule uzi wako maalumu wa kusafishia kati ya meno ulipoisha? Nikakukatia uzi wa mashini. Nilijivuna kabisa. Nikasema Josiane anajua madaktari, lakini uzi katika familia hii ninaujua mimi. Ukautumia siku nne, ukakata ufizi, na daktari akatufokea wote wawili kwamba uzi wa nguo ni wa nguo. Nunua ule wa meno, au tumia vile viburashi vidogo. Usikubali uzi wa mama yako, hata ukitumiwa na salamu.

Mwezi uliopita nilikusindikiza kwa daktari. Safari hiyo nilikaa kwenye kiti, uliona? Wewe ulipotoka kupigwa picha ya taya nilimuuliza swali nililokuja nalo. "Dokta, jino hii itakaa miaka ngapi?"

Akavua miwani. Akasema jino lenyewe, lile linaloonekana, huenda likakaa miaka kumi, kumi na mitano, na zaidi kwa mwenye bahati, halafu linachakaa na linabadilishwa. "Lakini visi ya mu mufupa, mama, ikitunzwa inaweza kubakia naye mupaka uzee yake yote."

Alidhani ananipa habari njema. Mimi nikapiga hesabu yangu palepale. Skrubu ya Josiane itakuwa kinywani mwako mimi nikiwa Kiringye kando ya mama yangu. Itakuwepo siku utakapoolewa, itakuwepo ukiimbia watoto wako, itazeeka nawe. Nilimwonea wivu chuma, Faida. Nilikaa mbele ya msomi yule nikimwonea wivu chuma kifupi kuliko pini.

Akaendelea kunieleza namna ya kulitunza, na hapa nisikilize vizuri, maana nimekwisha kulipoteza moja na sitaki lingine lipotee kwa kukosa maneno yangu. Alisema jino la kuzaliwa lina neva. Likiumwa linapiga kelele, unakimbia hospitali. Hili halina. "Haitalia," alisema. "Ufizi unaweza kuoza pembeni yake, mufupa unaisha, na yeye hasikie kintu. Siku anasikia, ni kuchelewa." Kwa hiyo usingoje maumivu. Ukiona damu pale ufizi unapokutana na jino, au uvimbe, au harufu, nenda siku hiyo hiyo. Na hata usipoona kitu, nenda atazame mara mbili kwa mwaka, vita vikiruhusu. Sugua kwa mswaki laini, pole pole, pale chini kwenye ufizi, mara mbili kwa siku inatosha. Umesikia, inatosha. Hakuna uchafu wa kuadhibu. Na uache kufungua chupa za Fanta kwa meno, hiyo tabia ya baba yako. Yeye alikuwa na meno yake mwenyewe ya kuchezea.

Nilitoka pale nikiwaza hilo la kutolia. Wewe nawe hukulia kwenye Fuso, hukulia Kiringye, hukulia alipokufokea Josiane kwa ajili yangu. Na mimi nikachukulia kwamba huumwi. Siku hizi nikiwaza makosa yangu, siyawazi kwa wingi wake. Nawaza ni mara ngapi niliuona uso wako umebadilika kidogo tu, nikaangalia pembeni kwa sababu hukutoa sauti.

Sasa nikuambie nilichofanya leo asubuhi, baada ya wewe kutoka. Nimempigia Josiane.

Nilipanga kuanza na salamu, nikaanza na hindi. Nikamweleza yote, nilichosikia kwenye benchi, nilichosema mkekani, nilichomwambia kwenye simu. Nikamwambia mtoto hakuwahi kuwa mvivu, kwamba alisugua mpaka akatoka damu kwa sababu ya uongo wangu.

"Dada," akasema, "siku ile ya karatasi, nilijua uko nyuma yangu pa benchi. Nilijua utasikia. Ndiyo maana nilisema kwa sauti."

Akasema, "Weye uko na mutoto. Mashini unayo, muji unao, mama alifia mu mikono yako. Minye nilikuwa na kintu kimoja ya kukuzidia, ni ile jino." Kisha akalia, akasema amenisamehe, amenisamehe kabisa, tusiongee tena habari hiyo. Kesho atakuomba wewe msamaha kwa maneno yote aliyokutupia. Nikamwambia angoje kwanza usome barua hii, na akakubali.

Kabla ya kukata nikampa kitu kimoja ambacho nilikuwa nimeamua kukaa nacho. Unasaga meno usingizini tangu tulipotoka Makobola. Daktari amekupa kile kifuniko cha plastiki cha kulalia ili usivunje jino, na Josiane anajua habari ya kifuniko. Hakujua kwamba ukisaga, mtu akikuwekea kiganja shavuni, unaacha na huamki. Hilo nililijua mimi peke yangu miaka saba. Nikamwambia. Nikamwambia shavu la kulia, na mkono usiwe wa baridi. Alisema ameandika.

Nikaweka simu chini, na badala ya kuona nafuu nikaona hasira. Kunisamehe vile, Faida, papo hapo, bila kunitukana hata tusi moja. Mimi nimebeba jambo hili miaka mitatu, yeye analifuta kwa dakika tano huku analia vizuri. Hata katika kusamehe ameniwahi. Nimecheka peke yangu, halafu nimechukua kalamu.

Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja, na ndicho pekee ninachokuomba katika barua hii yote. Usinisamehe haraka kama yeye. Najua moyo wako, utasoma hapa utaanza kunitafutia sababu, utasema mama alikuwa na uchungu, utasema ni vita. Vita havikuwepo mkekani siku ile. Nilikuwepo mimi. Kasirika, mwanangu. Kasirika siku nyingi kadiri unavyotaka, mwezi, mwaka, mimi nipo.

Lakini ukikasirika usimpelekee Josiane. Atakubembeleza, atakupikia, utapoa. Nipigie mimi. Niambie yote, kwa sauti kubwa, hata nikiwa na wateja mlangoni, na sitakata simu wala sitakanyaga pedali. Kicheko chako nimekubali tugawane naye, ana haki nacho. Hasira hiyo ni yangu. Nimeifanyia kazi mwenyewe, na sitaki dada yangu apate hata kipande.

Mama yako,
yule wa Nyamianda